Bibi Titi Mohamed: Mwanamke aliyechagua nyumba zake badala ya cheo

Aliongoza maelfu ya wanawake akiwa na elimu ya darasa la nne tu. Akawa mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wanawake wa taifa, mbunge na waziri mdogo. Kisha mwaka 1967 akatakiwa kuchagua kati ya uongozi na nyumba alizokuwa akizipangisha. Bibi Titi Mohamed alichagua nyumba, na uamuzi huo ulibadili maisha yake yote.

Basi linalotoka Kibaha kwenda katikati ya Dar es Salaam hufuata Barabara ya Morogoro mpaka jirani na Taasisi ya Teknolojia, DIT. Hapo barabara hiyo inakatana na Mtaa wa Bibi Titi Mohamed. Anayetoka Kisarawe hushuka vilima vya Pugu na kuingia mjini kwa Barabara ya Nyerere. Abiria wengi hutaja majina hayo kila siku kama vituo vya kushukia. Lakini ni majina ya watu wawili waliosimama jukwaa moja kudai uhuru wa Tanganyika, na miaka michache baada ya uhuru wakatofautiana juu ya swali moja zito: kiongozi aliyefanikiwa ni yupi?

Binti wa Dar es Salaam

Bibi Titi alizaliwa Dar es Salaam mwezi Juni mwaka 1926, katika familia ya Kiislamu. Baba yake, mfanyabiashara, hakutaka binti yake apelekwe shule ya serikali. Baada ya baba kufariki, mama yake ndiye aliyemwandikisha, na Titi akasoma hadi darasa la nne. Kwa msichana wa Kiafrika wa wakati ule, hiyo haikuwa elimu ndogo.

Aliolewa akiwa bado msichana mdogo, akapata mtoto mmoja wa kike. Ndoa hiyo haikudumu. Baadaye aliolewa na Boi Selemani, dereva wa teksi, na ni pamoja na mume huyo ndipo alipoingia katika chama cha TANU.

Kabla ya siasa, watu wa mjini walimfahamu Titi kwa sauti yake. Aliimba kwenye maulidi, na alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wanawake kilichoitwa Bomba. Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini ndilo lililomtayarisha kwa kazi iliyokuwa mbele yake.

Vikundi vya ngoma vya wanawake wa Dar es Salaam, vikiwemo vya lelemama, havikuwa vya kucheza tu. Vilikuwa na viongozi wake, michango yake na sare zake, na wanachama waliitana kwenye harusi, walizikana na kusaidiana wakati wa shida. Vilishindana kwa nguo na kwa nyimbo. Mwanamke aliyeweza kuongoza kikundi cha namna hiyo alikuwa amejifunza kukusanya fedha, kusuluhisha ugomvi, na kuwaita watu wakaitika. Hakuna aliyempa cheti kwa ujuzi huo.

Kutoka ngomani hadi jukwaani

TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954. Katika mwaka wake wa kwanza ilikuwa kwa kiasi kikubwa chama cha wanaume. Mwezi Juni 1955, John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alitembelea Tanganyika, na akawauliza viongozi wa TANU habari za tawi lao la wanawake. Tawi hilo halikuwapo. Viongozi wakaona lazima lianzishwe haraka, na kwa kupitia Schneider Plantan, mmoja wa wanaharakati wa chama hicho mjini, jina la Titi likapendekezwa.

Tarehe 8 Julai 1955, wanawake wapatao 400 walikusanyika katika Ukumbi wa Arnautoglu, Mnazi Mmoja, na tawi la wanawake la TANU likazinduliwa huku Bibi Titi akiwa kiongozi wake. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Alichofanya baada ya hapo kinafaa kusomwa na yeyote anayetaka kujua jinsi taasisi inavyojengwa. Hakuwa na ofisi, mshahara wala gari. Akiwa na mwenzake, Tatu binti Mzee, alikwenda kwenye vikundi vya ngoma, kimoja baada ya kingine, na kuzungumza kwanza na viongozi wao. Kiongozi akikubali, kikundi kizima kilijiunga. Kufikia Oktoba mwaka huo huo, wanawake wapatao 5,000 walikuwa wameandikishwa.

Kulikuwa na sababu nyingine ya mafanikio hayo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na chama cha siasa. Karani, mwalimu au tarishi wa serikali aliogopa kufukuzwa kazi akionekana na kadi ya TANU. Wanawake wengi hawakuwa na ajira ya kupoteza. Walinunua kadi, wakauza kadi, wakachangisha fedha, wakapeleka ujumbe, na mikutano yao ikafichwa ndani ya shughuli ambazo mkoloni aliziona za kawaida, kama harusi na ngoma.

Habari pia zilisafiri nje ya mji. Wakazi wengi wa Kariakoo, Ilala na Magomeni walikuwa Wazaramo waliokuwa na ndugu na mashamba katika nchi ya Kisarawe na Bagamoyo. Walikwenda na kurudi kwa misiba, kwa unyago na kwa mavuno ya mihogo na korosho. Yaliyosemwa Mnazi Mmoja hayakuchukua muda mrefu kusikika vijijini. Pugu, kwenye vilima vinavyopakana na Kisarawe, ndiko Julius Nyerere alikokuwa akifundisha hadi alipoacha kazi ya ualimu mwaka huo huo wa 1955, ili aitumikie TANU.

Bibi Titi alisafiri na viongozi wa chama katika majimbo mbalimbali ya Tanganyika. Mwanamke wa Kiislamu wa pwani, amejifunga khanga, akisimama mbele ya maelfu ya wanaume na wanawake na kuwaambia kwamba utawala wa Waingereza una mwisho wake: hilo lilikuwa jambo geni. Wapo waliomsema vibaya. Wengi zaidi walimsikiliza, kwa kuwa aliongea Kiswahili chao, na alijua kuugeuza mkutano kuwa wimbo.

Kulikuwa na kinaya katika kazi hiyo. Uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1958 na 1959 uliweka masharti ya elimu, kipato au wadhifa kwa mpiga kura. Wanawake wengi waliokijenga chama hawakutimiza masharti hayo. Walihamasisha kura ambazo wao wenyewe hawakuruhusiwa kupiga.

Uhuru, UWT na ubunge wa Rufiji

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata jumuiya za wanawake ziliunganishwa kuwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alikuwa pia katika Kamati Kuu ya TANU, mbunge wa Rufiji, na waziri mdogo aliyeshughulikia maendeleo ya jamii.

Katika muda wa miaka saba, mwimbaji wa Bomba alikuwa amefika kwenye meza ambako mambo ya nchi yaliamuliwa. Lakini meza hiyo ilikuwa na taratibu tofauti na zile za ngomani. Taifa jipya lilihitaji mafaili, ripoti na barua za Kiingereza. Wanawake wenye elimu ya sekondari na ya nje walianza kushika nafasi za utendaji. Sifa ya kuweza kuita watu elfu moja mtaani kwa siku moja haikuwa na safu yake katika fomu za ajira za serikali.

Pigo la kwanza lilikuja mwaka 1965. Huo ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa mfumo wa chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa TANU walishindana katika karibu kila jimbo, mmoja akitumia alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Mawaziri na wabunge kadhaa waliokuwa madarakani walibwagwa. Bibi Titi naye alipoteza kiti cha Rufiji. Alibaki na uongozi wa UWT na nafasi yake ndani ya chama.

Azimio la Arusha na nyumba za kupangisha

Ili kuelewa yaliyotokea mwaka 1967, ni vizuri kutazama hali ya wakati ule. Miaka mitano baada ya uhuru, viongozi wengi walikuwa wakijenga nyumba na kuzipangisha, wakipata mishahara ambayo mkulima hakuweza kuiota. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwafukuza chuoni, na wakati huo huo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, pamoja na mishahara ya viongozi wakubwa.

Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Lilitaifisha njia kuu za uchumi, na ndani yake kulikuwa na masharti ya uongozi. Kiongozi wa TANU au wa serikali hakutakiwa kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili, wala kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti yalimhusu kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Hoja ya Nyerere ilikuwa rahisi kueleweka: mwenye nyumba anaishi kwa jasho la mpangaji, na kiongozi wa wafanyakazi na wakulima hawezi kuwa mnyonyaji wao.

Bibi Titi alikuwa na nyumba alizokuwa akizipangisha Dar es Salaam. Hakukubali kuziacha. Alijiuzulu uongozi wake katika chama na katika UWT. Sophia Kawawa ndiye aliyekuja kuuongoza umoja huo kwa miaka mingi iliyofuata.

Kwa waliolishangilia Azimio, hiki kilikuwa kisa cha kiongozi aliyependa mali kuliko watu. Lakini kwa mwanamke wa pwani, nyumba ya kupangisha ilikuwa na maana ambayo Azimio halikuizungumzia. Dar es Salaam ilikuwa na wanawake wengi waliouza vitumbua, maandazi au pombe, wakaweka akiba kidogo kidogo, na hatimaye wakajenga nyumba ya vyumba sita. Chumba kimoja aliishi mwenyewe, vilivyobaki alipangisha. Kodi hiyo ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Ndiyo iliyomlinda siku ambayo mume angempa talaka, na talaka hazikuwa chache.

Wakati ule sheria haikumpa ulinzi mwingine wa maana. Sheria ya Ndoa, iliyoipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja ndani ya ndoa, ilipitishwa mwaka 1971. Na ilichukua hadi mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, kwa Mahakama ya Rufani kuamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali hiyo. Mwaka 1967 mwanamke asiye na elimu kubwa wala ajira ya kudumu aliyeambiwa aachie nyumba yake, alikuwa anaambiwa aachie kitu pekee ambacho mume, mwajiri au chama hakiwezi kumnyang'anya.

Hapo ndipo ugumu wa kisa hiki ulipo, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na hoja. Nyerere aliona mbele nchi ambayo viongozi wake wangegeuka tabaka la wenye nyumba na wenye hisa. Bibi Titi alisimama mahali ambapo mwanaume mwenye shahada na mshahara wa serikali hakuwahi kusimama. Kanuni moja iliwapima wote kwa kipimo kimoja, ilhali hawakuanzia mahali pamoja. Mwenye shahada akiacha nyumba alibaki na kazi yake. Mwenye darasa la nne akishapoteza cheo hakuwa na pa kurudi.

Mahakama na kifungo

Mwaka huo huo wa 1967, Oscar Kambona, aliyekuwa mmoja wa viongozi wakubwa wa TANU, alitofautiana na Nyerere na kuhamia London. Oktoba 1969 Bibi Titi alikamatwa pamoja na Michael Kamaliza, waziri wa zamani wa kazi, na watu wengine wakiwemo maofisa wa jeshi. Walishtakiwa kwa uhaini, kwamba walipanga kuipindua serikali. Kambona alitajwa kuwa kinara wa mpango huo. Shahidi mkuu wa serikali alikuwa Potlako Leballo, kiongozi wa chama cha PAC cha Afrika Kusini aliyekuwa akiishi Tanzania.

Kesi ilisikilizwa na Jaji Mkuu Telford Georges kuanzia mwaka 1970, na ilichukua siku 127. Bibi Titi alikana mashtaka. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Mwaka 1972 Rais Nyerere alimsamehe na akaachiwa huru. Aliyerudi uraiani alikuwa mwanamke aliyepoteza karibu kila kitu. Mumewe alikuwa amempa talaka katika kipindi hicho cha misukosuko. Mali aliyoitetea ilikuwa imechukuliwa na serikali. Marafiki wa enzi za jukwaani walimkwepa, wengine kwa woga. Kwa karibu miaka ishirini aliishi kimya. Picha na jina lake havikuonekana sana katika historia rasmi ya uhuru, na vijana wengi waliokua miaka hiyo hawakumjua.

Mwaka 1991: chama chabadili kipimo

Mwezi Februari 1991, Chama Cha Mapinduzi, kilichoirithi TANU, kilipitisha Azimio la Zanzibar. Kilegezo chake kikubwa kilihusu masharti yale yale ya uongozi. Sasa mwanachama na kiongozi aliruhusiwa kupangisha nyumba, kuwa na hisa na kupata kipato zaidi ya kimoja. Nyerere, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, alilikosoa azimio hilo waziwazi.

Mwaka huo huo, Tanzania Bara ikiadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimtaja Bibi Titi kuwa shujaa wa harakati za uhuru. Katika mwaka mmoja, chama kilimrudishia heshima na kikaondoa sharti lililomfanya ajiuzulu. Lakini hakikumrudishia miaka 24 iliyokuwa imepita.

Mwaka 1995 ilipitishwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, inayomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake. Mwelekeo ukawa mwingine: kuwa na nyumba si kosa, kuificha ndiyo kosa. Kama utaratibu huo ungekuwapo mwaka 1967, huenda Bibi Titi angezitaja nyumba zake kwenye fomu na kuendelea kuiongoza UWT.

Nyerere alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Bibi Titi alimfuata mwaka mmoja baadaye, tarehe 5 Novemba 2000, alipofariki katika hospitali mjini Johannesburg, Afrika Kusini, alikokuwa akitibiwa. Alikuwa na miaka 74.

Alichoacha kwa Kibaha na Kisarawe

Mkoa wa Pwani, ambao Rufiji ya Bibi Titi imo ndani yake, makao yake makuu yako Kibaha. Tangu mwaka 2022, Kibaha pia ina Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, iliyojengwa kwa ushirikiano wa vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika, kikiwemo CCM, na kwa msaada wa China. Makada hufundishwa hapo itikadi na uongozi. Bibi Titi hakupata shule ya namna hiyo. Shule yake ilikuwa kikundi cha ngoma.

Na ukitazama vizuri, shule hiyo ya pili haijafungwa. Katika vijiji vya Kisarawe na mitaa ya Kibaha, wanawake wako kwenye vikoba na vikundi vya kuweka na kukopa. Vina mwenyekiti, mweka hazina na faini kwa anayechelewa. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ya vijana na asilimia 2 ya watu wenye ulemavu. Mkopo wa wanawake hupitia kikundi. Mwanamke anayeweza kukishika kikundi kisisambaratike mpaka deni liishe anafanya kazi ile ile iliyompa Bibi Titi wanachama 5,000.

Kutoka hapo wapo wanaopanda hadi udiwani, ukurugenzi wa kampuni au ubunge. Huko juu hukutana na kipimo kingine cha mafanikio, kinachowekwa na watu wengine. Jana kipimo kilikuwa kutokuwa na nyumba ya kupangisha. Leo mara nyingi ni kinyume chake, na mwanamke asiye na gari na nyumba huonekana hajafika popote hata kama ameinua kata nzima.

Bibi Titi aliishi chini ya kipimo cha kwanza na akafariki wakati cha pili kimeshaanza kutawala. Kimoja kilimwita mroho, kingine kingemwona wa kawaida tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohesabu kazi iliyomweka kwenye historia: kwamba aliwakuta wanawake wakiwa wamekusanyika katika vikundi vyao vya ngoma, akaamini kwamba mkusanyiko huo ni nguvu, na akauelekeza kwenye kudai nchi. Mwanamke anayepanda cheo leo Kibaha au Kisarawe hana sababu ya kuchagua kati ya nyumba yake na watu wake. Uhuru huo mdogo, ambao sasa unaonekana wa kawaida, Bibi Titi aliulipia kwa nafasi yake, kwa ndoa yake na kwa miaka mingi ya ukimya.